Maji ya Bibiana

Siku ya kwanza Febronia alidhani ni heshima. Alifika bombani akakuta foleni, na kabla hajatua ndoo wanawake wakampisha. "Teka, Mama Getrude, teka wewe kwanza." Akashukuru, akateka, akaondoka. Siku ya pili wakampisha tena. Siku ya tatu alipojitwisha ndoo aligeuka ili amwambie jirani yake Dorika neno, akamkuta Dorika anausugua mdomo wa bomba kwa majani, maji yanamwagika bure, na wenzake wamesimama wanasubiri amalize. Hapo ndipo alipoelewa. Walikuwa wanataka aondoke upesi, basi.

Chanzo chake kilikuwa ukuta. Na tuseme ukweli kabla ya yote: ukuta ule watu waliupenda. Mumewe, Remigius, alikuwa mchora vibao. Chupa inayotoka povu pale baa, ng'ombe mnene wa buchani, kichwa cha kijana mwenye panki mbele ya kibanda cha kinyozi Polycarp, vyote vilikuwa vya mkono wake, na mtaa mzima wa Mlabani ulimjua kwa hivyo. Lakini mwaka ule wa mvua za El Nino, mvua zilizokataa kukatika na kuingiza maji hadi uvunguni mwa vitanda vya watu, nani angeagiza kibao? Remigius alikaa bila kazi wiki tatu. Wiki ya nne alitoka barazani na makopo yake, akaanza kuuchora ukuta wa nyumba yake mwenyewe, ule unaotazama njia.

Hakuchora chupa wala ng'ombe. Aliwachora wanawake tisa wa mtaa wake wakipalilia mpunga ndani ya maji. Walioko juu ya maji wamefumba macho, wamelala huku wamesimama. Chini, vichwa vikiwa chini na miguu juu, ni wao hao hao tena, ila wa chini wamefumbua macho na wanamtazama anayepita. Nyayo hawana, kwa sababu majarubani nani anaziona nyayo zake? Maji aliyapaka bluu ya kufulia iliyokorogwa na chokaa, na yalitokea maji kweli, hata mbwa wa jirani alikwenda kuyanusa.

Watu walikuja. "Jamani, huyu mimi! Mbona umeninenepesha hivi, Baba Getrude?" Kila mmoja alijitafuta akajiona. Seni, Msukuma aliyekuwa akipita na maziwa, alisimamisha baiskeli yake asubuhi moja akatazama mpaka wateja wake wakaanza kuuliza maziwa yako wapi. Kisha akasema, "Hivi, mzee, wanaoota ni hawa wa juu, au ni wa chini wanaowaota hawa wa juu?"

"Hilo ndilo nalitafuta hata mimi," Remigius alijibu, na alijibu kwa dhati kabisa, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano.

Febronia peke yake ndiye aliyeuchukia ukuta ule. Kwanza ulimkosesha raha, yale macho. Pili, yeye mwenyewe hakuwemo. Alipouliza kwa nini, mumewe alisema, "Wewe nakuona kila siku." Hebu fikiria jibu hilo.

Wa tisa, mwisho kabisa mkono wa kulia, alikuwa Bibiana, binti pekee wa Serafina. Msichana wa miaka ishirini, mcheshi, ambaye salamu yake ilimtangulia, angekuwa mwisho wa jaruba angekupigia "Shikamoooo!" mpaka ndege waruke. Bibiana alichorwa juu tu. Chini yake yalikuwa maji matupu.

Mwezi wa tano Bibiana alishikwa na homa siku ya Jumatatu. Alhamisi walimzika. Matanga hayajaisha, mtu mmoja, hakuna anayekumbuka nani, alisimama mbele ya ukuta akahesabu kwa kidole. Juu tisa. Chini wanane.

---

"Futa," Febronia alisema.

Remigius alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Tangu msiba hakuwa akikaa. Hata chakula alikula amesimama.

"Nikifuta leo watasema naficha."

"Basi mmalizie. Mweke huyo wa chini, wawe tisa kwa tisa, watu wanyamaze."

"Nitamwekaje na sikumwona?"

"Hukumwona nani? Bibiana hukumwona? Si alikuwa anashinda hapa anakula ukoko wangu?"

"Wa chini sikumwona, Mama Getrude. Hawa wengine wote niliwaona. Nilikwenda kila siku nikakaa pale kwenye tuta, nikayatazama maji, na kila mmoja niliuona uso wake ukinitazama kutoka chini. Sikutunga hata mmoja. Sasa Bibiana nitamtunga?"

Febronia alishika kiuno. Kuna wakati mwanamke hujiuliza ni nani hasa aliyemwoa. "Yesu na Maria," alisema. "Na hayo maneno yaishie humu humu ndani. Umenisikia? Usije ukayasema nje."

Getrude, binti yao wa darasa la saba, aliingia na mkoba wake, akaupita ugali bila kuutazama. Alisema mwalimu amemhamishia dawati la nyuma. Alisema kwamba amekaa peke yake, dawati la watu watatu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, mimi hujanichora popote, eti?"

Remigius aliacha kutembea. Swali lile lilimchoma kuliko yote aliyosikia mtaani.

Kesho yake Polycarp alikuja akiwa amebeba kibao chake kwapani. Walikuwa marafiki tangu ujana, na kwa sababu hiyo aliona aibu akaanza na habari za mavuno. Mwisho akakitua. "Ndugu yangu, mimi sina neno na wewe. Ila wateja wanasema kichwa hiki kinawatazama wanaponyolewa."

"Kina miaka minane pale, Poli."

"Najua. Hata mimi nimewaambia." Akakiegemeza ukutani na kuondoka haraka, na yule kijana wa panki akabaki barazani, akicheka na njia.

---

Kikao kilifanyika uani kwa Mzee Salvatory, mwenyekiti wa mtaa, saa tisa alasiri siku ya Jumapili. Salvatory hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe, na watu wa namna hiyo wakati mwingine huumiza kuliko wabaya.

Serafina alikaa kwenye mkeka na kanga yake ya msiba. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Mbona wa kwangu aliachwa? Wanawake tisa, mbona aliachwa wa kwangu?"

Watu wote wakamgeukia Remigius. Febronia alimkanyaga mguu kwa nguvu. Angesema rangi ilimwishia! Angesema mvua, angesema mgongo, angesema lolote. Lakini Remigius hakujua kusema uongo kuhusu kazi yake, na hilo ndilo lililomponza.

"Mama Bibiana, shikamoo tena, na pole. Bibiana sikumwacha. Kila nilipomtazama, maji yake yalikuwa yametibuka. Kwa hiyo nilikuwa nasubiri."

"Ulikuwa unasubiri nini?"

"Yatulie."

Ua ulilipuka. "Eeeh! Mmesikia wenyewe!" "Alikuwa anasubiri atulie!" "Na kweli katulia!" Dorika alishika kichwa. Kuna aliyeokota jiwe, na Salvatory akamfokea mpaka akalidondosha. Serafina yeye alikuwa amemkazia Remigius macho kama mtu aliyesikia jina analolijua.

Uamuzi haukuchukua muda. Watu wa Kilombero na Ulanga wanajua dawa ya jambo kama hili. Ng'ambo ya mto alikuwapo bibi mmoja anayenyoa. Hasemi nani mchawi nani si mchawi. Anayetuhumu na anayetuhumiwa wanakwenda pamoja, wananyolewa pamoja, wanapakwa dawa pamoja, na wakirudi kesi imekwisha, hakuna ruhusa ya kuikumbusha. Ila kuna sharti: aliyenyolewa harudii tena kile kilichomfikisha pale. Akikirudia, dawa inamgeuka.

"Remigius atakwenda, na Serafina, na wewe Mama Getrude, maana mke na mume ni kitanda kimoja," Salvatory alisema. "Wakirudi, ukuta unapigwa chokaa. Asiyetaka, afungashe mpunga wake akatafute mtaa mwingine."

Febronia alisimama. "Mimi sinyolewi."

"Mama Getrude!"

"Sinyolewi. Padri amesema kanisani, na nyote mlikuwepo, anayekwenda kunyolewa asije mezani kupokea komunyo. Mimi ni katibu wa wanawake wa parokia. Na zaidi ya hapo sikuchora, sikuua, na ukuta wenyewe siupendi. Mninyolee nini?"

"Ana nini humo kwenye nywele?" mwanamke mmoja alinong'ona, na wenzake wakacheka. Kicheko kile Febronia alikwenda nacho mpaka nyumbani.

Njiani alimwuliza mumewe kama atakwenda. Akasema atakwenda.

"Ukienda umekubali kwamba ni wewe."

"Nisipokwenda, Getrude atalala wapi?"

Hasira ilimjaa Febronia hata akashindwa kulia. Alilia baadaye, jikoni, juu ya mchicha. Alilia kwa sababu nyumba ile waliifyatulia tofali wenyewe, na kwa sababu mumewe alikuwa akikubali kuiacha kazi yake kwa kosa ambalo hata jina halina.

---

Walikwenda Jumatano, bila Febronia, maana Salvatory alisema wawili watatosha ili yaishe, kwa baiskeli mbili za kukodi mpaka Kivukoni. Remigius na Serafina walisimama kwenye pantoni, ubavu kwa ubavu kwa kuwa hapakuwa na nafasi, kila mmoja na wembe wake mpya mfukoni, maana kwa bibi unakwenda na wembe wako. Mto ulikuwa bado mpana, rangi ya chai ya maziwa. Serafina aliinama akayatazama maji. Hakuona kitu.

"Uliposema maji yalikuwa yametibuka," alisema bila kumtazama, "yalitibuka vipi?"

Remigius alisita. Alikuwa ameonywa na mkewe asifungue mdomo tena mpaka mwaka uishe. "Mwenyewe ndiye aliyeyatibua. Nikimwambia, 'Bibiana, simama kidogo,' anapiga teke. Anacheka. Wenzake walisimama. Yeye aliniambia, 'Baba mdogo, nikisimama ruba wananikamata.'"

Serafina alijiziba mdomo kwa kanga. Mabega yalimtikisika, na Remigius alidhani analia. Alikuwa anacheka, jamani. Alikuwa anacheka na anaona haya, kwa sababu mwanawe aliwaogopa ruba tangu mtoto mdogo na hakuna mtu mwingine aliyewahi kumkumbusha. Kisha akaacha kucheka ghafla, akayageukia tena maji mpaka ng'ambo.

Kwa bibi kulikuwa na watu zaidi ya sitini. Walipanga foleni juani. Zamu yao ilipofika wakaketishwa chini, wakamwagiwa maji baridi, wakanyolewa na vijana wa kazi upesi upesi, nywele, nyusi, kila kitu. Remigius alijiambia kuwa haamini. Alijiambia hivyo wakati wembe unapita kisogoni, na wakati dawa inapakwa kwenye chanjo, na wakati bibi mwenyewe, mzee mfupi mwenye sauti iliyokauka, aliposhika mkono wake wa kulia na kuuliza, "Mkono huu unafanya nini?"

"Unachora."

"Uache," bibi alisema, akaenda kwa mwingine.

Waliporudi kwenye pantoni, Remigius aliuweka mkono ule mfukoni. Aliuweka pale siku tatu.

---

Jumamosi asubuhi Febronia alikoroga chokaa. Hakusubiri kuambiwa. Aliikoroga kwenye ndoo ile ile ya maji, makusudi, mbele ya wanawake waliokuja na Mzee Salvatory kuhakikisha. Walikuwa saba hivi, na nyuma yao Polycarp, ambaye alisema anapita tu. Remigius alisimama pembeni, kichwa kinang'aa, uso usio na nyusi, mtu ambaye ungempita njiani usimjue.

"Haya, fanya," Salvatory alisema. "Yaishe."

Febronia alianzia kushoto. Alipiga pigo la kwanza, na Dorika wa ukutani akapotea nusu. Dorika wa barazani alijikohoza. Ni jambo la ajabu kujiona unafutwa, hata kama umeomba mwenyewe. Pigo la pili. La tatu. 

"Acha!"

Ilikuwa sauti ya Serafina. Alikuja mbio tangu kona ya njia, kanga imemponyoka, kile kichwa chake kitupu kiko wazi kwa watu wote. Alipita katikati yao akasimama mbele ya Bibiana, mgongo ukutani, mikono ameitandaza.

"Mama Bibiana, tumekubaliana," Salvatory alisema. "Mmeshanyolewa. Kesi imekwisha."

"Ndiyo imekwisha! Sasa mnanifutia nini mwanangu?" Alikuwa akihema. "Nilikuwa na picha yake moja tu, ya kipaimara. Ilikuwa kwenye sanduku uvunguni. Maji yalipoingia mwezi wa pili niliikuta imekuwa uji. Sina nyingine. Usiku na mchana nautafuta uso wake nauona nusu. Uso wake wote uko hapa. Hapa tu!"

Serafina alimgeukia Remigius. "Mmalizie."

Remigius alitikisa kichwa.

"Nakuomba, baba. Mwenyewe nimekushtaki, mwenyewe nakuomba. Mweke na huyo wa chini, awe kama wenzake."

"Siwezi. Nimenyolewa." Aliutoa mkono mfukoni, akaurudisha upesi kana kwamba umeungua, na kila mtu aliona. Huyu ndiye mtu aliyejiambia haamini. "Nikigusa brashi... Mama Bibiana, nina mtoto."

Polycarp ndiye aliyepata njia, na labda hakukusudia. Kinyozi ana mazoea ya kutazama vichwa. Alikuwa akimtazama Febronia, aliyesuka mabutu yake sita. "Mwenyekiti," alisema, "huyu si hakunyolewa?"

Wote wakaviangalia vile vimabutu. Sharti lilikuwa la walionyolewa. Juu ya asiyenyolewa, bibi hakusema lolote.

"Mimi?" Febronia alisema. "Mimi hata kuku sijui kuchora!"

"Nitakuelekeza," Remigius alisema. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, hakuwa akihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Febronia alikitazama kichwa cha Serafina, mkwaruzo wa wembe juu ya sikio, damu kavu. Alikuwa na mengi ya kumwambia mwanamke huyu. Alikuwa ameyapanga kwa siku nyingi, bombani, kanisani, jikoni, na yalikuwa makali. Akaiweka chini brashi ya chokaa. "Getrude! Lete makopo ya baba yako."

Alipiga magoti. Remigius alisimama nyuma yake, mikono ameifunga mgongoni kama mtoto aliyekatazwa. "Anza na bega. Hapana, kichwa kiko chini, bega linakuja huku. Bonyeza kidogo. Hivyo." Bega likatoka nene mno. Shingo ikapinda. Dorika alisema, "Mwenzangu, hilo sikio au andazi?" na watu wakacheka, na Febronia naye akacheka, machozi yakimtoka kwa bidii ya kutokukosea.

Alipofika usoni alisimama. "Macho yafumbuke?"

"Yafumbuke," alisema Remigius.

"Yalikuwaje? Sema wewe, Mama Bibiana. Mimi nakumbuka kelele zake tu."

Serafina alifumba macho yake mwenyewe ili aone vizuri. "Makubwa. La kushoto lilikuwa linatangulia kucheka. La kulia linafuata."

Febronia alichora la kushoto. Akachora la kulia, likawa dogo kuliko mwenzake. Akataka kulirekebisha, Remigius akamwambia asiliguse tena. Akashusha brashi na kusogea pembeni, rangi imemfika mpaka kwenye kiwiko.

Serafina aliinama. Yule wa chini alikuwa kichwa chini miguu juu, kwa hiyo haikutosha kuinama. Ilimbidi apige magoti, aweke viganja sakafuni na kupindisha shingo mpaka upara wake ukagusa saruji, hapo ndipo uso ukamkalia sawasawa. Mama mtu mzima, mbele ya mtaa mzima. Hakuna aliyecheka. Alikaa hivyo kitambo, anatazama na anatazamwa.

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kila siku asubuhi:

"Marahaba, mwanangu."

Salvatory alivua kofia yake. Febronia alisikiliza kama kuna kitu amekikosa, akasikia tu baiskeli inapita njiani. Akaichukua ndoo, akamwaga chokaa iliyobaki mtaroni, akaenda bombani kuisafisha kabla ya kuteka maji ya kupikia.